Mji Niliompimia Kogo

Kericho
19 Mei 1996

Kwa Senge Chepkorir,

Pokea salamu zangu kutoka bwenini. Ni saa tisa na mvua imeanza, kama kawaida ya huku. Mimi ni mzima ila mafua kidogo. Magoti ya nyanya yangu Kogo yanaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mwambie Kogo maziwa ya mursik aliyonifungia yaliisha siku ya pili. Wasichana walinisaidia kuyamaliza kabla sijawaomba msaada.

Sasa nije kwenye kazi uliyonipa. Sijasahau hata neno moja la yale tuliyozungumza jikoni likizo ya Aprili: kwamba Kogo hawezi tena kupanda na kushuka mteremko wa Kimulot, kwamba tutamkodishia mtu chai yetu achume, na sisi tukodi nyumba mjini, kwamba mwakani nitakuwa mwanafunzi wa kutwa, nikilala kwa Kogo kila siku, jinsi ilivyokuwa tangu Mama na Baba, ndugu yako, walipofariki. Na kwa kuwa Kogo aliapa kwamba atapanda gari mara moja tu, siku ya kuhama, kisha asipande tena mpaka kufa, ni lazima mji wenyewe uwe wa kutembea.

Basi jana, Jumamosi ya ruhusa, nilianza kuupima. Sikuupima kwa hatua zangu. Unajua Kogo akibeba kikapu kwenda kituo cha chai hupumzika mara tatu, na daima mahali pale pale. Nilijaza mkoba wangu vitabu, nikautundika mgongoni, nikatembea polepole kama yeye, nikawa ninasimama pale ambapo yeye angesimama. Rafiki yangu Kemuma alinifuata akicheka.

"Caren, watu wanatuangalia! Wanadhani umeteguka kiuno."

"Nyamaza, ninahesabu."

"Unahesabu nini na hujasonga?"

Haya ndiyo niliyopata. Kutoka stendi hadi sokoni ni pumziko moja. Kutoka sokoni hadi kanisa letu ni mapumziko mawili, na njiani maduka yana veranda ndefu zinazofuatana, kwa hiyo mvua ikinyesha Kogo hatalowa ila akivuka barabara. Hospitali ni mapumziko matatu na kuna kilima. Katikati ya mji kuna bustani yenye viti, na wazee hukaa hapo bila kufukuzwa. Nilipoketi hapo nilimwona Kogo kabisa, Senge, na bakora yake.

Kemuma anasema tusisahau Kisii, kwao. Nilipomuuliza kuhusu vilima alisema huko hata mbuzi hupumzika. Nimeiondoa Kisii.

Msalimie Kogo sana.

Wako mtiifu,
Caren Chemutai


Kimulot
9 Juni 1996

Mpenzi Chemutai,

Barua yako ilitufikia salama, Mungu ni mwema. Ng'ombe alizaa ndama dume. Kogo alinung'unika siku nzima, kisha akampa jina. Mafua yako yatibu na maji ya moto.

Nilimsomea Kogo barua yako kwa lugha yetu mara mbili. Pale uliposimama barabarani na mkoba wa vitabu alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema, "Huyo ameniiga vizuri, lakini mimi sisimami sana hivyo." Hakuna mtu mwingine anayeweza kumchekesha hivyo siku hizi. Mimi nikimweleza habari za kuhama ananitazama tu.

Likizoni ulisema kwaya yenu inaenda Nakuru kwa mashindano. Hebu pima na huko. Pia nataka kujua zaidi juu ya veranda hizo za Kericho. Ni ipi watu wanapita sana? Wanapita saa ngapi, na ni watu gani, wa mashamba ya chai au wa ofisini? Karibu na shule ziko ngapi? Na kama kuna chumba cha mbele kilicho wazi, kina mlango wa mbao au wa chuma? Nauliza kwa ajili ya Kogo, unajua hapendi upweke.

Soma kwa bidii.

Senge yako,
Chepkorir


Kericho
7 Julai 1996

Kwa Senge mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta mmemaliza kupalilia, na ndama anaendelea vizuri. Kwaya yetu ilikuwa ya nne. Mwalimu alisema ya nne si haba. Hakuna aliyemwamini, lakini tuliimba garini mpaka Kericho.

Nakuru ni mji mzuri sana kwa miguu. Ni tambarare, Senge! Nilitoka stesheni ya reli hadi sokoni na Kogo angepumzika mara moja tu, tena kwa kupenda. Njia za watembea kwa miguu ni pana na miti imepandwa kwa mstari. Lakini upepo ukivuma huleta vumbi jeupe mpaka kwenye meno. Halafu katika mtaa mzima sikupata mahali pa kuketi bila kununua kitu, na niliposimama kama Kogo, askari wa duka aliniuliza kama nimepotea. Nadhani mji ambao mtu hawezi kusimama bila kuulizwa haumfai Kogo. Nachagua Kericho.

Kuhusu veranda, nimepata! Iko kwenye kona, kati ya soko na stendi. Mzee Mosoti, fundi wa viatu ambaye ni baba mdogo wa Kemuma, hukaa hapo na sindano zake. Aliniruhusu kuketi kwenye kigoda cha wateja wake kutoka saa kumi hadi saa kumi na moja. Nilichora kistari kwa kila mtu aliyepita. Walikuwa mia nne na sita. Akina mama wa mashamba ya chai walikuwa wengi kuliko wote, na karibu nusu yao walikuwa na watoto wa shule. Shule za msingi zilizo karibu ni tatu.

Mzee Mosoti aliniuliza, "Wewe umetumwa na serikali ama?"

Nikamwambia ninamtafutia nyanya yangu mahali pa kukaa.

"Sasa huyo nyanya anataka kukaa na watu mia nne?"

Lakini alinionyesha chumba. Kipo hapo hapo nyuma yake, mlango ni wa chuma, na kwa nyuma kuna vyumba viwili vya kulala na uwanja mdogo wenye jua la asubuhi. Aliyekuwa akiuza redio amehama. Nimefikiria kila kitu: Kogo atakaa verandani asubuhi, Mosoti atamzungumzisha, ingawa sijui watazungumza lugha gani, na saa kumi jioni nitatoka shule na kumkuta hapo.

Nimekuchorea ramani. Kona ni pale penye msalaba.

Wako mtiifu,
Caren Chemutai


Kimulot
30 Julai 1996

Mpenzi Chemutai,

Sote wazima. Ramani ni nzuri sana, umefundishwa ukafundishika.

Agosti usije nyumbani. Mnakaribia kidato cha nne, na hapa kuna kazi nyingi ambazo zitakupotezea wakati. Kaa kwa kina Kemuma, ufuate masomo ya ziada. Nimeshawaandikia.

Kogo anasitasita. Mwandikie barua yake mwenyewe, fupi, umwambie kwa maneno yako kwamba umepaona mahali na panamfaa. Mimi nitamsomea. Itume haraka, kabla ya tarehe kumi na tano.

Senge yako


Kericho
4 Agosti 1996

Kogo wangu,

Chamgei. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu metroni wa bweni husoma barua zetu kabla hazijatoka, naye hajui lugha yetu. Senge atakusomea.

Najua unaogopa kuacha nyumba. Hata mimi nikifikiria jiko letu likiwa limezimwa nasikia vibaya. Lakini mahali nimepaona kwa macho yangu, Kogo, sikuambiwa na mtu. Kuna ukuta wa kuegemea na jua la asubuhi. Soko ni karibu kuliko kisima chetu. Majirani ni Abagusii wa Kisii, watu wa maneno mengi, lakini wema. Nimemuuliza mmoja kama atakuvumilia ukimkosoa, akasema mama yake ni hivyo hivyo.

Panda gari hilo mara moja. Ukisikia kichefuchefu, kaa mbele na ufungue dirisha. Mimi nitakuwa nikikungoja.

Mjukuu wako,
Chemutai


12 Septemba 1996

Mpenzi Chemutai,

Samahani kwa kukawia, nilikuwa na shughuli nyingi. Kogo ni mzima na anapumzika. Mipango yetu bado, mambo ya nyumba huchukua muda. Muhula huu usipoteze Jumamosi zako mjini. Kaa shuleni usome, mji hauhami.

Senge


Kericho
29 Septemba 1996

Kwa Senge,

Mimi ni mzima. Sijui niulize habari za nyumbani kwa nani.

Barua yako ya tarehe kumi na mbili haikuwa na jina la mahali juu, na muhuri wa posta ulikuwa wa Kericho. Nilimwambia Kemuma labda uliipa mtu aliyekuwa akija huku. Kemuma alininyamazia, na yeye si mtu wa kunyamaza. Sasa najua alikuwa ameshasikia kwao. Jana tulipopata ruhusa alinishika mkono akasema, "Twende tu ukaone mwenyewe, mimi siwezi kukuambia."

Naandika yaliyotokea ili usije ukasema baadaye kwamba hayakuwa hivyo.

Mlango wa chuma ulikuwa wazi. Sare za shule zilikuwa zimetundikwa mpaka nje, na cherehani yako ilikuwa dirishani. Kiti cha Kogo cha miguu mitatu kilikuwa hapo, na mteja alikuwa ameweka mkoba wake juu yake. Ulipotuona ulisema, "Ai! Chemutai! Umenenepa!"

Nikasema, "Senge, Kogo yuko wapi?"

"Kwanza keti. Kemuma, mletee mwenzako soda hapo ng'ambo."

"Yuko huku nyuma?"

"Yuko kwa baba yako mdogo Kimeli. Anapunga hewa."

"Kwake Chebunyo?"

Yule mama mteja akauliza kama kuna sketi ya namba thelathini. Ukasema, "Iko, iko, ngoja nikutolee," ukapanda kwenye stuli, na ukiwa huko juu umenipa mgongo ukasema, "Tangu mwezi wa nane."

"Na nyumbani kuna nani?"

"Kuna mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Chemutai, kuna watu hapa. Tutaongea." Kisha ukamwambia yule mama, "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu, ndiye aliyenitafutia hapa mahali. Ana akili!"

Nilitoka. Mzee Mosoti alikuwa ameacha kushona. Alisema, "Mimi nilifikiri unajua, msichana wangu. Huyu mama alikuja na karatasi yako mkononi, akaniuliza: ni kona hii yenye msalaba?"

Senge, wewe uliniuliza ni watu wangapi wanapita, na ni wa mashamba ya chai au wa ofisini. Uliniuliza shule ni ngapi. Nilidhani unaogopa Kogo asije akakaa mpweke. Nilikaa saa nzima nikichora vistari.

Nakuuliza mambo matatu, tafadhali yajibu yote. Shamba limekodishwa au limeuzwa? Kogo alikubali nini? Na anajua mimi niko wapi?

Barua hii Kemuma ataiposti. Metroni hajaisoma.

Caren Chemutai


Kericho
20 Oktoba 1996

Chemutai,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Umeandika kama hakimu, na wewe ni mtoto.

Shamba limeuzwa. Basi, umejua. Aliyenunua ni mtu mwema na amelipa. Nusu alichukua Kimeli, na nusu ndiyo hii unayoiona kwenye kuta. Unafikiri ada yako inatoka wapi? Au hilo hukuhesabu?

Nilirudi nyumbani kutoka kwa mume wangu na cherehani kichwani. Ndugu zangu wawili, Kimeli na baba yako, walinionyesha pa kulala. Pa kulima hawakunionyesha. Nimechuma chai ile miaka kumi na minne na hakuna hata kichaka kimoja kilichoitwa cha Chepkorir. Kogo angefariki, Kimeli angechukua yote, na mimi na wewe tungeondoka na blanketi. Fikiria hilo kabla ya kunichukia.

Mtu mzima kama Kogo anahitaji kuangaliwa na mtoto wa kiume. Chebunyo ni tambarare. Kuna joto, na joto ni zuri kwa magoti.

Mbele ya bodi ya ardhi aliulizwa kama anakubali. Aliitoa barua yako kifuani, akasema mjukuu wake amekwenda kupaona, yeye ameridhika. Hakuna aliyemlazimisha. Niliisoma jinsi ulivyoiandika, sikuongeza hata neno. Mungu ni shahidi.

Likizo ya Desemba njoo hapa dukani unisaidie, wakati huo sare zinanunuliwa sana. Nimekutengea kitanda.

Senge yako, upende usipende


Chebunyo
8 Desemba 1996

Kwa Senge Chepkorir,

Baba Mdogo Kimeli na watu wake ni wazima. Huku hakujanyesha tangu nifike, ng'ombe wanatembezwa mbali kutafuta maji. Kogo amekonda lakini anakula.

Shule ilipofungwa sikuja dukani. Nilipanda gari hadi Bomet, kisha lingine la mizigo hadi sokoni hapa, na kutoka hapo nikauliza njia.

Siku ya kwanza Kogo hakuniitikia. Nilimsalimu, nikainamisha kichwa anishike kama kawaida. Hakunishika. Baba Mdogo alisema, "Mwache, anaona haya." Haikuwa haya. Nilimpikia ugali wa kimyet akala, nikampa maji ya kunawa akanawa, lakini hakunitazama. Siku ya pili pia. Siku ya tatu tulikuwa peke yetu akasema, "Nilikungoja."

Nikamwambia, "Hata mimi nilikungoja."

Ndipo akanieleza. Alikaa mbele, akafungua dirisha kama nilivyomwagiza. Nyuma ya pikapu mlikuwa mmepakia ng'ombe na ndama. Mlimwambia anakwenda Kericho. Hakutapika hata mara moja, Senge, alijikaza kwa sababu alitaka kushuka akiwa msafi nitakapomwona. Njia ilipozidi kuteremka na joto kupanda alimwuliza dereva kama Kericho bado. Dereva akamwambia bado kidogo. Aliuliza mara nne.

Kisha alitoa barua yangu. Imekunjwa mpaka imekatika katikati. Akasema, "Soma."

Nikamsomea kwa lugha yetu, kuanzia chamgei hadi jina langu.

"Endelea," akasema.

"Imekwisha, Kogo."

"Hapana. Pale unaposema niweke kidole kwenye karatasi watakayonipa, ili wewe upate chumba karibu na shule. Hapo hujasoma."

"Hapo hapapo, Kogo."

"Papo. Nilisomewa mara tatu."

Nikamshikia barua mbele ya macho, ingawa hajui kusoma, nikapitisha kidole chake chini ya kila mstari, polepole, nikimwambia kila neno, mpaka tukafika kwenye karatasi tupu. Aliacha kidole chake hapo kwenye karatasi tupu kwa muda mrefu. Hakulia. Aliikunja, akairudisha kifuani, akaniuliza kama nimekula.

Umeandika kwamba hukuongeza hata neno na kwamba Mungu ni shahidi. Uliyoyaandika kuhusu kichaka cha chai nimeyasoma mara nyingi, na nadhani ni kweli, na nadhani ulidhulumiwa. Ungeniambia hivyo jikoni mwezi wa Aprili, ningekaa upande wako. Ningemwambia Kogo mwenyewe. Hukuniambia.

Mwakani sitarudi Kericho. Kuna shule ya kutwa hapa, si nzuri, darasa moja halina madirisha, lakini mwalimu mkuu ameangalia ripoti zangu na kukubali. Baba Mdogo atalipa. Nilimwambia ni lazima, na alipoanza kukohoa Kogo alimtazama. Nitalala hapa kwa Kogo kila siku. Sanduku langu lichukuliwe kwa metroni na kutumwa na gari la mizigo. Nimemwandikia Kemuma, kwa hiyo huna haja ya kujisumbua.

Jana jioni Kogo aliniuliza kama duka la Chepkorir linapata watu. Nilimwambia linapata. Akasema, "Vizuri," akaendelea kuchambua maharagwe. Baadaye kidogo akauliza kama umeniandikia neno lolote la kumwambia yeye. Nilitafuta katika barua yako yote na sikupata.

Kama una neno la kumwambia, usiliandike. Huku mimi ndiye ninayemsomea, na barua yako sitaisoma. Njoo umwambie akikutazama.

Caren Chemutai